Uzi: Nimesoma afya ya wanyama miaka mitatu, mnaojaza fomu mwaka huu njooni tuongee

#1 Mkono wa Kushoto

Wakuu, salaam kwenu.

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka tu, inboksi yangu inageuka ofisi ya udahili. Swali ni lile lile: "Kaka, nikasome mifugo? Huko kuna maisha?" Mwaka huu nimeona niandike mara moja. Anayetaka asome hapa, anayetaka kubisha abishie hapa hapa mbele za watu.

Nina stashahada ya afya ya wanyama na uzalishaji wa mifugo. Nakaa Mlandizi, nina kaduka ka dawa na pembejeo za mifugo, pikipiki moja na koti jeupe ambalo si jeupe tena. Chuo nilichosoma sikitaji, maana yapo nitakayosema hayapendezi na walimu wangu bado wako kazini.

Nianze na hili la "napenda wanyama". Siku ya utambulisho tuliulizwa mmoja mmoja kilichotuleta. Wengi tukasema ukweli, alama zimegoma kwenda kidato cha tano. Watatu wakasema wanapenda wanyama. Wiki ya tatu tukapelekwa kwenye uchunguzi wa mzoga. Mbuzi kafa usiku, sasa ni saa tano jua kali, tumbo limeshavimba, na mwalimu anapasua huku anatuuliza maswali kama tuko kwenye chai. Mmoja wa wale watatu alitoka nje, jioni tukamkuta anafungasha. Wawili walibaki, na mmoja wao leo ndiye fundi wa kuzalisha ng'ombe kutupita sote. Kwa hiyo penda tu, hakuna aliyekukataza. Ila ujue mnyama utakayekutana naye mara nyingi ni mchafu, ana maumivu, na si yeye aliyekupigia simu. Aliyepiga ni mwenye naye, na huyo ndiye atakayekusumbua.

Mfumo ulivyo: ukiingia na cheti cha kidato cha nne unaanza ngazi ya 4, astashahada ya awali. Mwaka wa pili ngazi ya 5, astashahada. Wa tatu ngazi ya 6, ndiyo stashahada yenyewe. Masomo wanayoyakodolea macho ni baiolojia na kemia. Soma kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, cha mwaka unaoomba, usisikilize mtu wa kijiweni, hata mimi.

Vyuo vya serikali viko chini ya wakala unaoitwa LITA, na kampasi zake zimetawanyika: Tengeru kule Arusha, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri Tanga, Madaba Ruvuma, Mabuki Mwanza, Kikulula Kagera, na Temeke kwa watu wa Dar. Vya binafsi navyo vipo. Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha kina usajili, halafu uliza swali moja la kizembe: mna ng'ombe wangapi? Chuo cha mifugo kisicho na zizi ni kama shule ya udereva yenye picha za magari ukutani.

Nitaendelea. Kuna mama kaniletea kuku aliyekufa dukani.

#2 Siti ya Mbele

Nimeleta kigoda na karanga. Endelea Dokta.

#3 Ajira Hewa

Mkuu, usiwajaze vijana upepo. Mdogo wangu kamaliza hiyo hiyo diploma mwaka juzi, sasa hivi anauza vocha. Nafasi za Afisa Mifugo Msaidizi zikitangazwa ni za kuhesabu kwa vidole, kwenye usaili mnajaa kama mnada wa Pugu. Halafu kata yetu ina ng'ombe kuliko watu, bwana mifugo ni mmoja na pikipiki yake iko juu ya matofali. Kazi ipo, anayelipa hayupo. Bora asome uuguzi.

#4 Mkono wa Kushoto

Nimerudi. Ngoja niwasimulie kuku kwanza, maana jibu la Ajira Hewa limo humo humo.

Mama yule ana kuku wa nyama mia tatu wa siku 24. Wamekufa kumi na moja tangu jana, amekuja kutaka "dawa ya mdondo". Nikamwambia mama yangu, mdondo hauna dawa, una chanjo tu, na aliyekuuzia dawa yake kakuibia. Nikampasua kuku pale pale nyuma ya duka. Tumbo dogo lililotangulia firigisi ni safi, halina vidoa vya damu, kwa hiyo mdondo nikauweka pembeni. Kile kifuko kilicho juu ya tundu la haja hakijavimba, gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, nayo pembeni. Nikafika kwenye yale matumbo mawili yasiyo na njia ya kutokea: yamejaa damu kama soseji. Hiyo ni kokisidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Nikamuuliza kuhusu maranda aliyotandika bandani, akasema yamelowa wiki nzima, vyombo vya maji vinavuja. Nikampa dawa yake, nikamwambia atoe maranda yote yaliyolowa, anyanyue vyombo vifike usawa wa mgongo wa kuku. Dakika kumi na tano.

Hicho ndicho nilichokisomea miaka mitatu. Kumbe kuna mtu angempa mfuko wa antibayotiki na vitamini, akalipwa vizuri, na kuku wakaendelea kufa.

Sasa Ajira Hewa, kuhusu ajira sibishani nawe. Nimeomba kazi serikalini mara nne, usaili nimefika mara mbili, sijapata. Ila tuangalie mdogo wako anakaa wapi na anajua nini. Ukanda huu wa Dar na Pwani ni nchi ya kuku. Aliyemaliza chuo anajua kuku barabara hawezi kulala njaa hapa. Aliyetoka anajua ng'ombe tu, halafu akapanga chumba Kariakoo, huyo atauza vocha, na si kosa la diploma.

Mfano mdogo. Chanjo ya mdondo ya kuku wa kienyeji, ile I-2 inayotengenezwa hapo Kibaha, ni tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko zile za zamani, kwa hiyo inafika kijijini ikiwa bado hai. Mimi nina vitongoji sita nimevigawa kwenye kalenda. Ninacholipwa kwa kuku mmoja naona aibu hata kukitaja. Lakini vijumlishe, na kila nyumba ninayoingia kuchanja kuku, nikitoka wananionyesha na mbuzi anayechechemea.

Na kuku wa kisasa wana mambo yao. Mtu anachanja siku ya 7, ya 14, ya 21, kila kitu sawa kwenye daftari, halafu kuku wanakufa. Kumbe kachanganya chanjo kwenye maji ya bomba. Ile klorini inayotulinda sisi inaua virusi vya chanjo. Maji ya kisima safi, au utie maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo kwanza, na uwanyime maji saa moja au mbili ili wakiletewa wanywe kwa fujo. Hili nilifundishwa darasani nikalipuuza, nikaja kulielewa kwenye banda la mtu mwingine.

#5 Siti ya Mbele

Kumbe mdondo hauna dawa!! Wakuu nimeibiwa miaka minne.

#6 Mama Wawili

Habari za jioni wanangu. Mimi ni mzazi. Binti yangu ana C ya baiolojia na D ya kemia, anasema anataka mifugo. Baba yake amecheka, anasema nani atamwita msichana kumshika fahali. Mimi namjua mwanangu, alipokuwa darasa la tano kuku wetu alivunjika mguu, akamfunga kijiti na kitambaa mpaka akapona. Naomba kuuliza, kwa msichana kazi hii ni salama? Na hizo fildi, mafunzo ya vitendo wanayopelekwa, wanalala wapi?

#7 Bi Mirija

Mama yangu, shikamoo. Niache nilijibu mimi, ni mwanamke na niko kwenye kazi hii mwaka wa tisa, Kilimanjaro.

Fahali hashikwi kwa nguvu, hata na mwanaume. Anashikwa kwa kamba. Mwaka wa kwanza tu tunafundishwa: kamba moja ndefu, unaizungusha shingoni, nyuma ya bega, kisha mbele ya miguu ya nyuma, watu wawili wanavuta kurudi nyuma polepole, na yule dume la kutisha linapiga magoti lenyewe. Darasani kwetu wavulana walikuwa wanavuta kwa hasira fahali anawaburuza. Mwalimu akaniita mimi na mwenzangu, tuna kilo mia moja kwa wawili wetu. Tulimlaza. Baba yake aje aone.

Kazi yangu ni uhimilishaji, kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Nilisomea hiyo kozi Usa River, kwenye kituo cha taifa, baada ya kumaliza chuo. Na hapa mkono mwembamba wa kike ni mtaji, hasa kwa mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa. Wafugaji mwanzoni walikuwa wanachungulia nyuma yangu, "Mtaalamu mwenyewe yuko wapi?" Siku hizi wananipigia saa kumi na moja alfajiri: "Dada, ameanza kulia." Nawajibu, akionyesha joto, yaani kutaka kupandwa, asubuhi nakuja jioni, akionyesha jioni nakuja kesho asubuhi. Ukikimbilia mapema unapoteza mrija na hela ya mtu.

Usalama sasa, mama, hili ulishike. Asiguse kondo la nyuma wala kumvuta ndama bila glavu ndefu, hata akiambiwa "fanya haraka". Ugonjwa wa kutupa mimba unahamia kwa binadamu, ni homa inayokuja na kuondoka miezi na miezi, mwenzetu mmoja alitibiwa malaria mara tatu kabla ya kugundulika. Na kama kuna uwezo, apate chanjo ya kichaa cha mbwa yeye mwenyewe kabla ya kwenda fildi. Vyuo vingi havitamkumbusha.

Kulala: mara nyingi mwanafunzi anajitafutia. Mpigie simu afisa mifugo wa wilaya anakokwenda kabla ya kufika, uliza kama kuna mtumishi mwenye familia wa kumpokea. Usimwache aende na barua tu mkononi.

#8 Mama Wawili

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Nimemsomea baba yake hiyo ya kamba. Amenyamaza.

#9 Kalamu Tupu

Ada vipi wakuu? Nyumbani hali si nzuri.

#10 Mkono wa Kushoto

Kalamu Tupu, ada inabadilika, itazame kwenye fomu ya kujiunga ya chuo chenyewe. Jambo moja zuri ni kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 bodi ya mikopo ilianza kuwapa na wa stashahada kwa baadhi ya fani, kilimo na mifugo zikiwemo. Fuatilia mapema, vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, vihakikiwe kabla. Ila ada si ndiyo inayoumiza. Kinachoumiza ni vitu vidogo vidogo: overoli mbili, gambuti, koti, kipimajoto (utavunja viwili), seti ya kupasulia, nauli na chakula cha fildi.

Na fildi ndiyo chuo chenyewe, wallahi. Sisi tulikuwa na darubini tatu kwa watu zaidi ya themanini. Unasogea kwenye foleni, unachungulia sekunde tano, unaona duara jeupe na kope zako mwenyewe, unaandika "nimeona vimelea". Kwenye mtihani nikachora vizuri kabisa kitu ambacho sijawahi kukiona.

Fildi ya mwaka wa pili nilipangiwa Simanjiro. Wiki ya pili tukaenda kwenye boma moja, kuna ndama kajitenga, masikio yameanguka, anahema. Nikatoa kipimajoto kwa madaha, nyuzi 41. Nikafungua daftari. Mzee mwenye boma alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ananitazama tu. Alipoona nimefika ukurasa wa pili, akanyanyuka, akapapasa chini ya sikio la ndama, akatamka neno moja: *oltikana*. Ndigana kali. Nikagusa pale alipogusa, tezi lina ukubwa wa yai. Kupe anayeleta ugonjwa huu hupenda kung'ang'ania sikioni, ndiyo maana tezi la jirani ndilo linaanza kuvimba. Nilikuwa nimeyaandika hayo yote kwa wino wa bluu, mstari nimepiga chini.

Mzee akaniuliza, "Kitabu chako kinasemaje?"

Nikasema, "Kinasema hivyo hivyo, baba."

"Basi ni kitabu kizuri."

Tulicheka. Ila sikilizeni na upande wa pili, maana watu wakisimulia haya huishia kusema elimu haina kazi. Mzee ugonjwa aliujua kunizidi. Lakini alikuwa ameshamchoma yule ndama oksitetrasaiklini, ile antibayotiki ya njano, siku mbili mfululizo, na ndigana kali ikishapanda haisikii dawa hiyo. Alihitaji buparvakwoni, na kupe waliobaki bomani walihitaji josho, maana ndama wengine saba walikuwa njiani kuugua. Hapo ndipo nilipoona kazi yangu iko wapi. Yule ndama alipona. Wawili kati ya wale saba hawakupona.

#11 Gamba la Kobe

Uzi mzuri, nimeusoma wote. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miaka mitano, sasa niko sekta binafsi. Naomba nirekebishe jambo bila kumkwaza mtu.

Humu ndani mwenye uzi ameitwa "Dokta" na hakukataa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka madaraja: daktari anasajiliwa na Baraza la Veterinari, mtaalamu msaidizi anaorodheshwa, walio chini yake wanaandikishwa. Ukimaliza stashahada usikae na cheti kabatini, nenda Baraza uorodheshwe, na ufanye kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Vijana wengi wanafungua duka wiki ya pili baada ya mahafali, wanapasua tumbo la ng'ombe kwa kufuata video. Akifa, mfugaji akienda mbele, huna pa kusimama.

Jingine, stashahada si mwisho wa reli. Ukiwa na wastani unaotakiwa unaweza kuomba shahada. Kwenye darasa letu waliotokea vyuo vya mifugo walituacha mbali kwenye vitendo. Sisi tuliotoka kidato cha sita tuliogopa hata sindano ya kuku. Kwenye biokemia ndipo tuliposawazisha.

#12 Mkono wa Kushoto

Nimepokea, dokta, na huyo "Dokta" wa post ya pili ni mtu wa karanga, mnisamehe. Nimeorodheshwa na ninaye daktari ninayemripotia, yuko Kibaha. Kijijini ukikataa jina hilo watu wanadhani hujui kazi, lakini kwenye karatasi naandika cheo changu.

#13 Twiga Mpole

Mimi ng'ombe na kuku hapana. Nataka tembo na simba. Je, nianzie chuo hiki hiki halafu niende hifadhini?

#14 Gamba la Kobe

Twiga, hizo ni njia mbili tofauti na watu wengi huzichanganya. Ukitaka usimamizi wa wanyamapori, doria, uhifadhi, utalii, kuna Mweka pale chini ya Kilimanjaro, chuo cha tangu 1963, na Pasiansi kule Mwanza. Huko hutajifunza kutibu. Ukitaka kumchoma tembo sindano ya usingizi umtoe mtego mguuni, hao wanaofanya ni madaktari wa mifugo, wako TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wachache sana, na wote walianza na ng'ombe na mbwa kama sisi. Anayechukia ng'ombe hatafika kwa tembo.

#15 Mwana wa Amu

Salamu kutoka Lamu. Nimesoma nikatabasamu, sisi huku mgonjwa wetu ni punda. Mji hauna njia za magari, saruji, maji, mizigo ya bandarini, yote mgongoni mwake. Ipo kliniki ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary tangu 1987, wanatibu bila malipo. Mimi nilijitolea pale kabla ya kwenda kusoma, na nawashauri vijana wote: jitolee mahali kwanza, hata miezi miwili. Utaona vidonda vya matandiko, kwato zilizokatika, na zaidi ya yote tumbo. Punda anakula karatasi za plastiki jaani, zinajifunga ndani, anagaagaa chini. Ukivumilia usiku mmoja na punda mwenye msokoto wa tumbo, chuo utakiweza.

Kwetu Kenya wengi wanapitia AHITI, vyuo vya afya ya mifugo, Kabete au Nyahururu au Ndomba. Na sheria yetu ya 2011 imewataja wasaidizi waziwazi, ukimaliza lazima uwe na leseni ya bodi. Bila hiyo huandiki hata risiti.

#16 Ajira Hewa

Nimekaa kimya nasoma. Mdogo wangu nimemtumia uzi, kasema kuku aliwasoma muhula mmoja tu na alikuwa anasinzia. Haya.

Ila mna jambo moja hamlisemi. Ninyi wenye maduka ndio mnaoharibu. Kila mnyama akiumwa dawa ni ile ile ya njano, mfugaji anachoma, kesho maziwa yanauzwa. Sisi tunakunywa dawa kwenye chai.

#17 Mkono wa Kushoto

Kweli tupu. Kila dawa ina siku zake za kuacha kuuza maziwa au kuchinja, zimeandikwa kwenye chupa kwa herufi za chungu. Mwenye ng'ombe mmoja anayelipia ada ya mtoto kwa maziwa hayo, ukimwambia amwage siku kadhaa anakutazama kama umemtukana. Ninachofanya mimi ni kumwambia kabla sijavuta sindano, si baada. Akikataa, naondoka. Nimepoteza wateja wawili kwa hilo, mmoja alirudi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kusema ukweli, niseme la kwangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitwa kwa ng'ombe wa maziwa, chotara, mjamzito wa miezi sita. Ndigana kali, matezi yamevimba, bado anasimama. Buparvakwoni inatolewa mililita moja kwa kila kilo ishirini. Nikamkadiria kwa macho, kilo 240, nikachoma mililita 12. Ukweli ni kwamba niliona pia mwenye ng'ombe anahesabu noti mara mbili, na dawa ile ni ghali, macho yangu yakawa na huruma kuliko mizani. Siku ya pili akala majani, nikasifiwa. Siku ya tano akalala, povu puani. Nilipofika nikampima kifua kwa utepe wa mwenzangu, kwa kuchelewa: kilo 320. Alihitaji 16.

Yule baba hakunigombeza. Aliniuliza kama ngozi inafaa.

Utepe wa kupimia kifua unauzwa bei ya soda chache. Uko mfukoni mwangu mpaka leo, na kila mwanafunzi wa fildi anayekuja kwangu simwachi ashike sindano kabla hajaushika huo. Nilikuwa nimefundishwa. Nilipata alama nzuri kabisa kwenye somo hilo.

#18 Siti ya Mbele

Karanga zimeisha ghafla.

#19 Bi Mirija

Kaka, sote tuna ng'ombe wetu mmoja wa namna hiyo. Wangu yuko Machame. Siku nyingine.

Ila waambie watu jina lako limetoka wapi, maana nimeshalijua.

#20 Mkono wa Kushoto

Haha. Bi Mirija anajua. Ukihimilisha, mkono wa kulia ndio unaosukuma kifaa chenye mbegu, mkono wa kushoto uko ndani, umeingia njia ya haja kubwa mpaka begani, umeshika shingo ya kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Huoni kitu, unapapasa. Wiki ya kwanza nilikuwa nashika kinyesi tu na kutoa jasho, mwalimu anauliza "Umeipata?" najibu "Ndiyo mwalimu", naye anajua naongopa. Siku ya tisa nikaishika. Ngumu kidogo, kama shingo ya kuku mkubwa iliyonyonyolewa. Nilipiga kelele ng'ombe akashtuka, akanibana mkono ukafa ganzi mpaka jioni. Wenzangu wakanibatiza.

#21 Mama Wawili

Wanangu, baba yake amekubali. Tunajaza kesho, chaguo la kwanza Buhuri kwa sababu shangazi yake yuko Tanga, la pili Morogoro. Swali la mwisho: gambuti. Mguu wake ni namba tano, dukani kwetu naona za wanaume tupu, ndogo kabisa ni saba. Zinapatikana wapi?

#22 Bi Mirija

Mama, usinunue saba ukajaza soksi, zikinasa kwenye tope la zizi anaacha kiatu na ng'ombe anamkanyaga. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hutazipata. Nenda wanakouza viatu vya shule, uliza za mvua za watoto wakubwa, zile ndefu nyeusi zisizo na maua. Mimi navaa namba nne, nanunua huko mpaka leo. Akichaguliwa nitafute inboksi, nina overoli moja ya zamani inayomtosha.